Barua kutoka Westport

Westport, Mayo, Ayalandi
9 Novemba 2025

Kwa shoga yangu mpendwa Mwanaisha,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, mafua tu ndiyo hayanibanduki. Natumai wewe, mama na watoto wote hapo Chumbageni, Tanga, hamjambo. Ujumbe wako nimeupata. Waniuliza uchukue hiyo kazi ya nyumba ya wazee ya huku au usubiri ya Dublin, kwa sababu umetazama ramani ukaona Westport iko mwisho wa dunia. Nitakueleza mji ulivyo, kuamua utaamua mwenyewe.

Mwisho ni mwisho kweli. Mbele yetu ni Atlantiki, na ng'ambo yake ni Kanada. Treni ya kutoka Dublin inachukua saa tatu na kitu, na reli inaishia hapa, kwa hiyo siku ya kuja sinzia utakavyo, kituo hakikupiti. Watu wa mji mzima hawafiki elfu saba. Wakati wa kiangazi lakini watalii wanamiminika mpaka unakosa pa kukanyaga Bridge Street, na hilo la watalii nitalirudia, maana ndilo litakalokuuma.

Mji wenyewe ulichorwa kwanza ndipo ukajengwa, karne ya 18. Ukoo wa Browne, waliokuwa mabwana wa jumba kubwa la hapa, Westport House, hawakupenda kukaa karibu na kijiji, basi kijiji kikahamishwa. Ndiyo maana mitaa imenyooka, katikati kuna uwanja wa pembe nane wenye mnara wa Mtakatifu Patrick, na Mto Carrowbeg umebanwa na kuta za mawe ukapita mjini taratibu, miti huku na huku, na vidaraja vya mawe. Wakati huu majani yameanguka na bata wanaogelea humo humo kwenye majani. Kwa miguu nafika kazini, maktaba, bwawa la kuogelea, maduka ya Aldi na Lidl, na bado nimebakiwa na pumzi.

Hiyo Westport House usiende kutazama mapazia tu. Sehemu ya utajiri wake ilitoka Jamaica, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Halafu mwana wa nyumba hiyo hiyo, Howe Peter Browne, akapelekwa kuwa gavana wa Jamaica mwaka 1834, utumwa unapovunjwa, akawatetea watumwa hadi wenye mashamba wakamchukia. Huko Jamaica kuna kijiji cha walioachiwa huru kinachoitwa Sligoville, kwa sababu cheo chake cha ubwana kilikuwa Marikizi wa Sligo. Mimi sikumsamehe babu yake kwa ajili yake, lakini nilisimama mbele ya jumba lile muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Bahari yetu ni ghuba, Clew Bay, imejaa visiwa vidogo vidogo vya kijani. Wenyeji wanasema viko 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Hesabu hiyo waachie wenyewe. Kimoja, Dorinish, John Lennon yule mwimbaji wa Beatles alikinunua mwaka 1967. Na kwa kuwa wewe na baiskeli hamtengani, kuna njia iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1937. Inatoka hapa, inapita Newport na Mulranny hadi kisiwa cha Achill, zaidi ya kilomita 40, hamna gari hata moja.

Juu ya ghuba umesimama mlima wao mtakatifu, Croagh Patrick, mita 764. Usiucheke kwa kuwa umeiona Kilimanjaro. Sehemu ya juu ni kokoto tupu zinazoteleza, unapanda hatua moja unarudi nusu. Wanaamini Patrick alifunga siku 40 kileleni, na Jumapili ya mwisho ya Julai wanapanda kwa maelfu, wengine pekupeku. Mwaka jana nami nilipanda siku hiyo, na ushungi wangu, wala hakuna aliyeniuliza nafuata nini. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja amevua viatu, nyayo zimegeuka zambarau kwa baridi, kidole gumba kinavuja damu. Kila akisimama anatoa chupa ya chai mfukoni, anampa mkewe kwanza, kisha anakunywa yeye. Kileleni kuna kanisa dogo la mwaka 1905. Ukungu ulikuwa mzito, ghuba sikuiona hata kisiwa kimoja.

Chini ya mlima, Murrisk, kuna sanamu ya meli ambayo kamba zake za matanga zimechongwa kama mifupa ya watu. Ni kumbukumbu ya njaa kuu, viazi vilipoozea shambani mwaka 1845 na miaka iliyofuata. Ukitaka kuwaelewa watu wa hapa anzia hapo. Mwaka 1841 jimbo la Mayo lilikuwa na watu zaidi ya 388,000. Sensa ya 2022 ilikuta kama 138,000 tu. Mbele zaidi, bonde la Doolough, Machi 1849 wenye njaa walitembezwa kwa miguu kwenye baridi kwenda kuomba msaada, wakanyimwa, wengi wakafia njiani wakirudi. Kila mwaka watu huitembea njia ile, na Askofu Desmond Tutu aliitembea mwaka 1991. Wazee ninaowahudumia hawakuiona njaa hiyo, lakini karibu kila mmoja ana ndugu Boston au Uingereza aliyeondoka kutafuta riziki. Wanaponiuliza "mama yako umemwacha na nani?" wanauliza kwa kujua.

Sasa mvua. Sitakudanganya, shoga. Inanyesha ya manyunyu, ya upande, ya kuja na jua lake, na mtu anakwambia "siku nzuri leo" maji yanamdondoka puani. Desemba jua linazama hata saa kumi na nusu jioni haijafika. Juni ndiyo raha, bado kuna mwanga saa nne usiku. Koti la kwetu usihangaike nalo, utanunua huku, la mvua, lenye kofia. Mwavuli upepo utakunyang'anya siku ya kwanza.

Watu ni wachangamfu. Barabarani dereva usiyemjua anakuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na hiyo ni salamu kamili, nawe jibu. Ya misiba wanaijua. Redio ya huku, Midwest, inasoma matangazo ya vifo kama redio zetu za nyumbani, jina la marehemu, kijiji, maziko saa ngapi. Kwenye nyumba yetu ya wazee, ikifika saa hiyo vijiko vyote vinatulia, hata bibi aliyesahau majina ya wanawe anainua shingo asikie nani katangulia. Baada ya hapo mjadala: alikuwa wa ukoo gani, aliolewa wapi.

Jambo jingine la kushika ni mpira, ule wao wa Gaelic, wa kupiga kwa mguu na kudaka kwa mikono. Timu ya Mayo hawajachukua kombe la taifa tangu 1951, na fainali wameshafungwa nyingi. Wanasema timu ile ya 1951 ilipita na shangwe mbele ya msiba bila kusimama, padri akawalaani kwamba hawatashinda tena mpaka wachezaji wale wote wafe. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 na kombe bado halijaja. Mkoani kwetu wangeshaita mtaalamu.

Jioni kuna ngoma zao kwenye baa. Mpiga filimbi Matt Molloy ana baa yake Bridge Street, wanakaa kuzunguka meza, fidla na filimbi, hakuna jukwaa. Ukiagiza chai wanakuletea chai, usiogope. Na viwandani, utacheka: Botox, ile dawa ya kunyoosha makunyanzi, inatengenezwa hapa hapa mjini. Wazee wangu hata mmoja hana habari nayo.

Dini usiwe na hofu. Treni hiyo hiyo ya Dublin inapita Ballyhaunis, mji mdogo wenye kiwanda cha nyama ya halali tangu miaka ya 1970 na msikiti uliofunguliwa 1987. Idi tunakwenda huko, Wapakistani, Wasyria na sisi wachache, na tunarudi na nyama ya mwezi.

Tabu ni nyumba. Vyumba vingi vimegeuzwa vya watalii, na mwenye nyumba anayekupangisha Oktoba anakutoa Mei. Hospitali kubwa iko Castlebar, kama kilomita 18, na ukifanya zamu ya usiku bila gari utajuta. Leseni yako ya udereva hawaibadilishi, utafanya mtihani upya, ingawa wanaendesha kushoto kama sisi. Dublin kodi ni kali zaidi na hakuna atakayekuinulia kidole. Mimi ningekuja huku, ila nisingesaini mkataba kabla ya kushika chumba.

Na chumba kipo. Mfilipino ninayekaa naye anahama Januari, mama mwenye nyumba ni mwenyeji, hapangishi watalii, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nijulishe nimpe neno. Ukija niletee iliki na kanga mbili, pilipili manga ninayo.

Msalimie mama sana.

Wako shoga,
Zuhura