Chemchemi za Versailles hazikuruka mchana kutwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kasri la Versailles, Ufaransa, imesema chemchemi za bustani ya Mfalme Louis XIV zilirusha maji usiku na mchana. Si kweli, na sababu yake ni ya kifundi.

Versailles ipo mwinukoni na haina mto. Kibanda cha kuwindia alichojenga Louis XIII mwaka 1623 hakikuhitaji maji mengi. Bustani ya mwanawe ilihitaji, na maji ya mabwawa ya jirani hayakutosha. Ndipo ukajengwa mtambo wa kupandisha maji, uitwao mtambo wa Marly, kwenye mto Seine, kijijini Bougival, ukaanza kazi mwaka 1684. Fundi wake alikuwa seremala, Rennequin Sualem, kutoka upande wa Liège, Ubelgiji ya leo.

Ulikuwa na magurudumu 14 yenye kipenyo cha mita 12 hivi. Maji yalipaswa kupanda takriban mita 160, yaani presha ya baa 16, takriban mara 16 ya presha ya hewa ya kawaida. Kwa vipete vya ngozi vya kuzuia maji kuvuja na maungio ya mabomba ya enzi hizo, bomba lingepasuka. Kwa hiyo yalipandishwa kwa vituo vitatu: pampu 64 mtoni, 79 katikati ya mlima na 78 juu zaidi, matangi yakiwa katikati. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu. Pampu za mlimani hazikuwa na nguvu zake. Zilivutwa na magurudumu yale yale ya mtoni kwa safu ndefu za fimbo za chuma, mbele na nyuma. Kila kiungo kilisuguana, kikalika, kikala nguvu. Kelele nazo! Na maji yaliyofika juu, kasri jingine dogo la mfalme, la Marly, nalo lilidai fungu lake.

Basi mafundi wa bustani walitumia filimbi. Mfalme akikaribia, mmoja hufungua valvu na kumpigia mwenzake wa mbele. Akishapita, maji hufungwa.

Mwaka 1685 askari kwa maelfu walipelekwa kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Eure. Maradhi yaliwaua wengi, vita vya 1688 vikaisimamisha kazi. Matao ya daraja lililojengwa kuubeba mfereji huo yangali Maintenon, hayajawahi kupitisha tone hadi Versailles. Mtambo wa Marly wenyewe ulisaga hadi 1817, miaka 28 baada ya wafalme kuondolewa Versailles.

Msomaji anayepanga safari aangalie ratiba kwanza: hata leo chemchemi hizo hufunguliwa kwa siku na saa maalumu tu.

Msomaji wenu,
Morogoro