Barua ya wazi kwa Mnadhimu wa Chama Bungeni

Mheshimiwa Mnadhimu,

Kila wabunge wenu wakigawanyika kwenye kura, tunakusikia ukiwataja wasaliti. Naomba nikuulize: huyo aliyeasi, kiti chake alikipata kwa nani?

Mbunge humtii anayeweza kumnyang'anya kiti. Makao makuu yakipanga orodha ya wagombea, utiifu huja wenyewe. Marekani, wapiga kura ndio wanaompitisha mgombea kwenye kura za mchujo, na viongozi wa chama hawana kalamu ya kumkata. Januari 2023, chama cha Republican kikiwa na wingi, Kevin McCarthy alipata uspika wa Baraza la Wawakilishi kwenye raundi ya 15 ya kura. Ya 14 iliposhindikana, usiku ule, mbunge Mike Rogers alimwendea Matt Gaetz, mmoja wa waliomgomea McCarthy, kwa hasira hadi mwenzao mwingine akamvuta nyuma, kiganja kikimziba mdomo. Chama kimoja hao! Ili awatulize wakaidi, McCarthy alikubali mbunge mmoja tu aweze kuleta hoja ya kumwondoa. Oktoba 3 akaangushwa, kura 216 kwa 210. Waliomgeuka chamani mwake ni 8. Kwa wingi mwembamba vile, walitosha.

Najua utasema dawa ni fimbo. Tazama Uingereza. Januari 15, 2019, wabunge 118 wa chama tawala cha Conservative waliukataa mkataba wa waziri mkuu wao, Theresa May, wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Kesho yake upinzani ukaleta hoja ya kutokuwa na imani, na wabunge hao hao wakaikoa serikali yake. Usaliti gani huo? Kilichowagawa kilikuwa mkataba. Fimbo ikaja Septemba: Boris Johnson, aliyemrithi May, akawatimua 21 kutoka kundi la chama bungeni, wakati wingi wenyewe ulikuwa umeshamponyoka. (Desemba alishinda uchaguzi, kweli, lakini alishasema kila mgombea wake ameahidi kuuunga mkono mkataba wake mpya wa kujitoa. Yaani kazi ilifanyika kabla ya kiapo cha ubunge.)

Kwa hiyo kabla hujaandika barua nyingine za onyo, tueleze mambo mawili. Wagombea wenu huteuliwa na nani hasa? Na ule muswada uliowagawa, wabunge waliujadili kwenye kikao cha chama, au walikabidhiwa msimamo mlangoni, kengele ya kura ikilia?

Nasubiri majibu, hadharani kama nilivyouliza.

Wako,
Mpiga kura