Shuka kitandani, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ndiye aliyeniambia, si wewe. Anasema usiku unaamka ukikung'uta mkono kwa ganzi, na bado kazi unafanyia kitandani, kompyuta mapajani na mto mgongoni. Ulimwambia yeye ili mimi nisipige kelele. Haya, kelele zenyewe ndizo hizi: shuka kitandani.

Nilimbana aniambie ni vidole vipi. Kumbe ni gumba na viwili vinavyofuata, kidole kidogo hakimo. Huo si uchovu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba pamoja na kano za vidole, nao hubanwa kifundo kikikaa kimepinda saa nyingi. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine. Muone daktari kabla hujaanza kudondosha vikombe. Usidhani meza peke yake itakuponya.

Nikiulizwa habari za kazi yako natembea kifua mbele, ujue hilo. Lakini hiyo kompyuta mpakato imeunganisha kioo na kibodi: ukiishusha shingo inainama, ukiiinua mikono inaning'inia. Tafuta kibodi ya pembeni na kipanya, halafu mpakato uipandishe juu ya vitabu (vile vinene ulivyomnyima mdogo wako, sasa vina kazi) hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho au uwe chini kidogo. Kioo kiwe mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Maandishi yasiposomeka yakuze, usiyafuate kwa kichwa. Kichwa kina uzito wa kilo 4 au 5, na kikitangulia mbele shingo ndiyo inayokibeba.

Kibodi nayo ina vimiguu kwa nyuma. Usivisimamishe, vinakunja kifundo kuelekea juu, na kifundo ndicho kinachokuuma. Kipanya kiwe ubavuni mwa kibodi, si mwisho wa meza. Viwiko karibu na mbavu, vimekunjwa nyuzi 90 au zaidi kidogo, mabega yamelegea. Wewe mabega hayo huyapandisha hadi masikioni ukiwa na haraka, nakujua.

Kiti cha fahari sikitaki. Ukae hadi nyuma, kiuno kiegemee, nyayo ziguse sakafu, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili vitatu. Dirisha liwe ubavuni, lisikupige usoni wala kung'aa kwenye kioo. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, maana anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka. Hilo utalipuuza. Kusimama usikupuuze, kila nusu saa hivi inuka utembee. Hata mkao mzuri ukiung'ang'ania asubuhi nzima unaumiza.

Ulipokuwa ukisoma sakafuni umejikunja hadi usiku wa manane, mimi ndiye niliyekuwa nawaita wageni waje wamwone mtoto asiyechoka. Basi, tuyaache.

Meza ya baba yako bado iko chumbani kwako, imebeba nguo za kupigwa pasi. Nimeipima, sentimita 74 toka sakafuni. Hukurithi urefu wake, kwa hiyo itabidi upandishe kiti na uweke kitu imara chini ya miguu. Ukiitaka sema mapema, maana mdogo wako anaitolea macho, na yeye siku hizi analalia tumbo na simu utadhani ameanguka. Nitamgeukia. Mlango wa nyuma umetengenezwa, ila komeo linakwama bado, na fundi hapokei simu.

Nataka kujua umeshuka kitandani au la, na daktari amesemaje. Nipigie simu. Usiandike, upumzishe mkono huo.

Mama yako