Kampeni ya umaskini isiishie kwenye fulana

Ndugu Mhariri,

Oktoba 17 ya kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Umaskini. Umoja wa Mataifa uliitangaza rasmi mwaka 1992, ingawa chimbuko lake ni mkusanyiko wa Oktoba 17, 1987 katika uwanja wa Trocadéro jijini Paris, ulioitishwa na padri Joseph Wresinski, ambaye mwenyewe alikulia katika ufukara. Ikifika siku hiyo, vikundi vya kujitolea huchapisha fulana, hubeba mabango, hupiga picha ya pamoja na mgeni rasmi, na kesho yake kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Sina ugomvi na fulana. Lakini muulize huyo mgeni rasmi wiki moja baadaye aliombwa nini, atabaki anakutazama, kwa sababu hakuombwa chochote.

Naviandikia vikundi hivyo kupitia ukurasa huu. Kampeni ya umaskini huzaa matunda inapoomba jambo moja, kwa mtu mwenye mamlaka ya kulitekeleza, kabla bajeti haijafungwa. Mengine yote ni mbinu za kufika hapo.

Nianze na ombi lenyewe, maana ndipo wengi wanapokwama. "Tokomezeni umaskini" ni ombi ambalo kila mwanasiasa atalikubali papo hapo, kwa kuwa halimgharimu kitu. Ombi linalombana mtu hutaja nani afanye, afanye nini, kwa kiasi gani na mpaka lini. Chukueni mfano wa chanjo za watoto. Mfuko wa Gavi, ulioanzishwa mwaka 2000, hununulia nchi maskini chanjo, lakini nchi nayo huchangia. Zile zenye kipato cha chini kabisa hulipa senti 20 za dola kwa kila dozi ya chanjo zinazochangiwa, na mchango hupanda kadiri uchumi unavyokua. Senti hizo hutoka kwenye kasma ya chanjo, yaani fungu la fedha lililotengewa chanjo, katika bajeti ya taifa. Kasma ikipunguzwa, au fedha zikiidhinishwa halafu zisitolewe kwa wakati, nchi inaingia kwenye malimbikizo ya madeni na usalama wa shehena zijazo unayumba. Basi kikundi katika nchi ya aina hiyo kina ombi la kueleweka: "Mheshimiwa, tunaomba uulize kwenye kamati kama mchango wote wa nchi kwa chanjo za mwaka ujao umetengwa, na fedha hizo zitatolewa robo ipi ya mwaka." Mbunge anaweza kulifanya hilo wiki hiyohiyo, na kikundi kinaweza kuhakikisha kama amelifanya.

Waliojitolea katika nchi tajiri wameshika upande wa pili wa kamba. Gavi na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, ulioanza kazi mwaka 2002, huishi kwa ahadi za wafadhili, na ahadi hizo hukusanywa kwa awamu. Kwa Mfuko wa Dunia awamu ni ya miaka mitatu. Ombi lao ni kiasi ambacho serikali yao itaahidi, na lazima lifike kabla ya mkutano wa ahadi. Baada ya mkutano, barua nzuri kuliko zote huenda kwenye faili.

Ahadi za kudai zipo tele, wala hakuna haja ya kutunga mpya. Nchi tajiri zilikubaliana katika azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1970 kuelekea kutoa asilimia 0.7 ya pato lao la taifa kama misaada ya maendeleo. Nchi za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Maputo mwaka 2003 asilimia 10 kwa kilimo. Uingereza iliifikia 0.7 mwaka 2013, ikaiweka kwenye sheria mwaka 2015, kisha ikashuka hadi 0.5 kuanzia mwaka 2021. Sheria ipo, fedha zimepungua. Anayedhani kazi imekwisha ahadi ikishaandikwa autazame vizuri mfano huo.

Kuhusu kalenda, kosa ni lilelile kila mahali: kelele huanza siku ya hotuba ya bajeti. Siku hiyo mlango umebaki upenyo tu. Miezi kadhaa nyuma hazina ilishatoa ukomo wa bajeti kwa kila wizara, wizara zikagawana ndani ya ukomo huo, halafu kamati za kisekta zikapitia makisio. Hesabuni kurudi nyuma kutoka siku mwaka wa fedha unapoanza. Miezi sita hadi minane kabla, ombi lipelekwe kwa wizara au mamlaka ya eneo, wakati mapendekezo yanaandaliwa. Makisio yakiwa mbele ya kamati, lipelekwe kwa wajumbe wa kamati husika. Mbunge asiye mjumbe wa kamati hiyo bado anafaa, ila muombeni kingine: amwandikie mwenyekiti wa kamati na awape nakala.

Kikundi chenyewe hakihitaji ukubwa. Watu wanne hadi kumi wanatosha, mkutano mmoja kwa mwezi wa saa moja na nusu, na kazi tatu zenye wenyewe: anayefuatilia bajeti, anayeshika mawasiliano na ofisi ya mwakilishi, na anayetunza daftari la nani aliahidi nini tarehe ngapi. RESULTS, shirika la kujitolea lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, limefanya kazi kwa vikundi vidogo vya namna hii kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwanzilishi wake, mwalimu wa muziki Sam Daley-Harris, aliwahi kuwauliza wanafunzi 7,000 wa sekondari jina la mbunge wao. Waliolijua walikuwa 200. Jaribuni swali hilo ndani ya kikundi chenu kabla hamjachapisha bango.

Kila mwanachama ajue kwa moyo hotuba ya dakika mbili. Inaanza kwa jambo linalomgusa msikilizaji, mara nyingi kitu alichokwishafanya au kukisema. Inafuata shida kwa sentensi mbili na takwimu moja. Kisha suluhisho lililopo na linalofanya kazi, na mwisho ombi, tena kwa swali la ndiyo au hapana. Wengi huharibu hapo mwisho. Wanaeleza shida kwa dakika kumi, muda unakwisha, wanashukuru na kutoka. Fanyeni mazoezi wawili wawili huku mmoja ameshika saa.

Barua kwa mwakilishi iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje ombi na mwandishi ni mkazi wa wapi, kwani ofisi nyingi hutenga kwanza barua za wapigakura wao. Iandikwe kwa maneno ya anayeiandika. Barua thelathini zilizonakiliwa kutoka mfano mmoja huhesabiwa kama barua moja yenye majina thelathini, na jibu linalorudi ni moja la kunakiliwa vilevile. Barua kumi za mkono, kila moja na sababu yake, humlazimu msaidizi kuzisoma zote. Huyo msaidizi msimdharau. Ndiye anayeandaa maswali ya mbunge na ndiye anayejua ratiba yake. Kikundi kinachokataa kuonana na msaidizi kwa kuwa "tunamtaka mheshimiwa mwenyewe" kimejifungia mlango kwa mikono yake.

Kwenye kikao nendeni watu watatu au wanne, mkiwa mmekwishagawana nafasi za kufungua, kueleza, kuomba na kuandika. Dakika 20 ndizo mtakazopata, na tano za kwanza zitaliwa na salamu. Mheshimiwa akisema "nimelipokea, nitalifanyia kazi," hilo bado si jibu. Muulizeni kwa heshima ataanza na hatua gani na mumrudie lini. Mkiulizwa msichokijua, semeni mtaleta jibu, kisha lileteni ndani ya siku mbili. Hiyo ndiyo sababu halali ya kuonana naye tena, na kikundi kijanja huifurahia. Barua ya shukrani iende kabla wiki haijaisha, ikitaja kwa maandishi alichokubali. Bila barua hiyo, makubaliano hubaki hewani.

Ukusanyaji wa saini una nguvu ukiwa na ombi moja na tarehe. Kampeni ya Jubilee 2000 ilidai madeni yasiyolipika ya nchi maskini yafutwe kufikia mwaka 2000, basi. Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka mkutano wa mataifa makubwa uliofanyika Birmingham, na hadi kampeni inafungwa saini zilikuwa milioni 24. Mwaka 1999 mpango wa kupunguza madeni, uliokuwapo tangu 1996, ulipanuliwa, na mwaka 2005 ukaongezwa mwingine wa kufuta madeni ambayo nchi hizo zilidaiwa na taasisi za kimataifa. Saini zenu huenda zikawa mia mbili tu, na hazina ubaya zikiwa safi. Kila ukurasa wa fomu ubebe maandishi yote ya ombi juu, maana ukurasa uliochanika bila ombi si ushahidi wa lolote. Pawe na jina kamili, eneo la kupigia kura, saini na tarehe. Mtu mmoja akiwasainia jamaa zake wote kwa mwandiko mmoja, futeni mistari hiyo kabla ya kuwasilisha, kwani ikigunduliwa upande wa pili fomu nzima inatupwa.

Nizungumzie takwimu, kwa sababu ndizo zinazotuaibisha mbele ya watu wanaojua. Mabango ya "chini ya dola moja kwa siku" bado yanabebwa, na kipimo hicho ni cha mwaka 1990. Benki ya Dunia ilikipandisha hadi dola 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022, na 3.00 kuanzia Juni 2025. Idadi ya maskini ilipoongezeka kwenye ripoti za mwaka 2025, kilichobadilika zaidi ni kipimo. Hakuna aliyefilisika usiku mmoja. Jambo la pili linawaponyoka hata waandishi wa habari: dola hizo ni za uwezo wa kununua, zimepimwa kwa kulinganisha bei kati ya nchi na nchi. Ukichukua dola 3 ukazidisha kwa bei ya kubadilishia fedha ya benki, katika nchi yenye bei za chini utapata kiwango kikubwa kuliko kilichokusudiwa, na mchumi yeyote wa wizara atakuumbua.

Kwa eneo dogo kipimo kinachofaa zaidi ni kile cha umaskini wa mahitaji mengi, kilichoanza kutumiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2010. Hakiulizi kipato, na kwa kweli mtu akiulizwa kipato na jirani yake hasemi ukweli. Kina viashiria 10 katika makundi matatu yenye uzito sawa: afya, elimu na hali ya maisha. Afya ina viashiria viwili na elimu viwili, kila kimoja kikiwa na uzito wa moja ya sita. Hali ya maisha ina sita, yaani nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na vitu vya msingi, kila kimoja moja ya kumi na nane. Kaya ambayo uzito wa mahitaji inayokosa ukijumlishwa unafika theluthi moja au zaidi huhesabiwa maskini. Kaya isiyo na maji salama ya karibu, choo, umeme wala nishati safi ina 4/18, sawa na asilimia 22, haijafika mstari. Mtoto wake mmoja wa umri wa shule akiwa hasomi, inaongezeka 3/18, inakuwa 7/18, karibu asilimia 39, na imevuka. Diwani akionyeshwa hesabu hiyo anaona mara moja kwa nini mtoto aliye nje ya shule ana uzito wa mahitaji matatu ya nyumbani.

Tahadhari kwa watakaojaribu kuhesabu wenyewe. Mojawapo ya viashiria vya afya ni kifo cha mtoto ndani ya kaya katika miaka mitano, na lishe huhitaji mizani na vipimo. Hayo waachieni wataalamu, tumieni takwimu rasmi zilizopo, ninyi mshughulikie maji, vyoo na mahudhurio ya shule. Ombeni ridhaa kabla ya swali la kwanza, msiandike majina kwenye fomu za majibu, na msipige picha za watu ili kuonyesha dhiki yao. Na kwenye kikao cha mbunge aende na kusema hata mmoja wa wale wanaozungumziwa. Vikundi vingi bado vinawasemea.

Bajeti ikipita, kazi inahamia kwenye utoaji wa fedha. Zilizoidhinishwa na zilizotolewa ni vitu viwili, na pengo lake huonekana kwenye taarifa za robo mwaka. Ombeni taarifa hiyo kwa maandishi, mkitaja namba ya kasma, maana ofisi ikiulizwa kwa ujumla hujibu kwa ujumla.

Nawe Mhariri nina ombi lenye nani, nini na lini. Ratiba za kamati za bajeti huwafikia wananchi vikao vikiwa vimekwisha. Zichapisheni wiki nne kabla, na jina la mwenyekiti wa kila kamati na anwani ya kupokelea maoni ya maandishi. Robo ukurasa inatosha.

Wako,
Mfuatiliaji wa bajeti za huduma za jamii