Tathmini ya Kidunda ifuate maji mpaka baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la kuhifadhi maji ya Mto Ruvu kwa ajili ya Dar es Salaam. Sipingi ujenzi wake. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, nyumbani kwetu Kimara tuliamka saa tisa usiku kukinga maji ya mgawo, na siku yasipotoka tulinunua kwa dumu. Jiji kama Dar es Salaam linahitaji bwawa la lita bilioni 190.

Kinachonikosesha raha ni pale mazungumzo yetu yanapoishia. Tunahesabu lita, megawati 20 za umeme na fidia, basi. Na fidia yenyewe hufuata kinachoandikika: nyumba, shamba, mazao, kaburi. Mama anayechuma mboga kando ya mto, mvuvi wa kambale asiye na shamba, mfugaji anayenywesha ng'ombe hapo kila kiangazi, hao anawathamini nani?

Tena maji ya Kidunda yatateremka kwa mkondo uleule wa Ruvu hadi mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Huenda huko katikati mto ukawa na maji mengi zaidi kiangazi kuliko zamani, na hilo ni jema. Lakini tope likinaswa bwawani na mafuriko ya masika yakipungua, mabonde ya mpunga yatakosa rutuba waliyoizoea wakulima. Halafu kuna kipande cha mwisho ambacho sisi wa mjini hatukikumbuki kabisa. Yakishapita Ruvu Chini, maji yanayobaki ndiyo yanayofika kwenye mikoko. Yakiwa kidogo mno, chumvi ya bahari hupanda mtoni, na kambamiti wachanga, ambao hukulia humo mikokoni, hukosa mahali pao. Mvuvi wa Bagamoyo yuko mbali na Kidunda, lakini mradi huu unamgusa.

Tulishaona ya Mto Kihansi. Wanasayansi walimgundua yule chura mdogo wa manjano mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yaliyomweka hai yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kumnyunyizia, na bado mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alianza kurudishwa 2012, kutokana na vyura waliokuwa wakitunzwa Marekani. Gharama na taabu zote hizo ni kwa sababu swali la maji kiasi gani yaachwe mtoni lilijibiwa kwa kuchelewa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka iwepo akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2005 zinataka ripoti iambatane na muhtasari wa Kiswahili. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Muhtasari huo ubandikwe katika ofisi za vijiji vyote vya kando ya Ruvu, kuanzia Kidunda hadi Bagamoyo. Na bwawa likianza kazi, kiasi cha maji kinachopita Ruvu Chini kwenda baharini kitangazwe kila mwezi, kama tunavyotangaziwa ratiba ya mgawo.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam