Kabla hujamwita kijana wa watu mwizi, angalia nani kaunganishwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nitoe la moyoni, maana kuna tabia imeota mizizi maofisini, mfumo ukisumbua tu usiku wa matengenezo basi wa kwanza kushukiwa ni yule kijana wa IT aliyeacha kazi, eti "atakuwa kaingia huyo". Kwetu nusura tumpeleke mtu polisi.

Mimi nalea databesi, yaani hifadhi ya kumbukumbu zote, ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina naomba nilihifadhi. Jumamosi moja tuliwatumia wanachama SMS kwamba huduma zinafungwa saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri, tukazima programu ya simu na ile ya kaunta, tukapiga bakapu, nikaanza kuongeza safu kwenye jedwali la marejesho. Kazi ya sekunde chache hiyo. Ikaganda dakika 10, 20, hola.

Sisi databesi yetu inaendeshwa na programu iitwayo PostgreSQL, na yenyewe ukitaka kubadili umbo la jedwali lazima uachiwe jedwali peke yako, akiwepo hata mmoja aliyefungua muamala (kazi moja ya databesi, ina kufungua na kufunga) akasoma tu humo halafu hajaufunga, utakaa foleni kama uko kwa daktari. Nikafungua pg_stat_activity, ndo orodha ya waliounganishwa, nikamkuta mmoja kakaa hafanyi kitu, muamala wazi. Nikakatisha kwanza amri yangu iliyoganda, nikamfukuza. Kabla sijaianza upya, karudi. Nikamfukuza tena, karudi tena. Nikalinyang'anya lile jina la kuingilia analotumia, yaani yuza, ruhusa ya kuunganishwa, wapi, akaingia kama kwao! (Baadaye ndo nikakumbuka kwamba ruhusa hiyo kila yuza anayo kupitia PUBLIC, yaani kundi la yuza wote, tangu databesi inaundwa, sasa ukimnyang'anya mmoja mmoja unajisumbua bure.)

Meneja alikuwepo, kaja kusimamia, jasho linamtoka. "Huyo ni fulani," akamtaja kijana aliyeondoka mwaka juzi, akaanza habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na nani ana namba ya askari. Na mimi sikumkatalia, niseme ukweli, maana paswedi haikuwahi kubadilishwa tangu kijana aondoke, halafu yuza ni mmoja tu, programu ya simu inamtumia huyohuyo, kaunta huyohuyo, ripoti huyohuyo, sasa nani ni nani utajuaje?

Kilichomuokoa ni safu moja ya orodha ileile, client_addr, anwani ya mashine inayoingia. Ilikuwa ya humuhumu ndani ya jengo. Tukafuata waya chumba kwa chumba mpaka tukatokea ofisini kwa meneja mwenyewe. Nyuma ya TV yake ya ukutani, ile inayomwonyesha marejesho ya siku, kuna kikompyuta kinaendesha kaskripti, kaprogramu kadogo kalikoandikwa kwa lugha ya Python, kanasoma databesi kila dakika, muamala hakajawahi kuufunga, na ukikakata kanajiunga kenyewe. Tukachomoa umeme, nikamfukuza mara ya mwisho, nikarudia amri yangu, safu ikaingia hapohapo.

Siku hizi naanza na mlango. Naweka mstari wa reject, yaani kataa, juu ya mistari yote ya mtandao kwenye pg_hba.conf, faili linalosema nani aruhusiwe kuunganishwa, maana faili hilo linasomwa kutoka juu na mstari wa kwanza kulingana ndo unaoshika, nabakiza njia yangu ya palepale kwenye seva, naiambia seva isome upya, halafu ndo nafukuza waliomo ndani, ukitanguliza kufukuza wanarudi kama inzi. Na kila programu sasa ina yuza wake na paswedi yake, TV inaitwa TV.

Meneja ile sheria hajaitaja tena. Kijana nilimpigia Jumatatu, nikamhadithia yote mpaka ya polisi, akacheka weee, akaniuliza, "Kaka, si wewe ndo ulinishikia ngazi siku tunaifunga hiyo TV?"

Msomaji wako,
Morogoro