Msiba unaosubiri maji yapungue

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu Ullozhukku, filamu ya India ya mwaka 2024 kwa lugha ya Kimalayalam, iliyoongozwa na Christo Tomy. Jina hilo lina maana ya mkondo wa maji upitao chini kwa chini, na kisa chenyewe kinatokea Kuttanad, katika jimbo la Kerala, eneo ambalo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari.

Thomaskutty anafariki wakati wa mafuriko. Mama yake, Leelamma, anashikilia kwamba mwanawe azikwe katika kaburi la familia, hivyo maziko yanaahirishwa na wafiwa wanasubiri ndani ya nyumba iliyoingia maji. Hapo ndipo siri zinapoibuka: mjane, Anju, ana mimba ya mwanamume mwingine, naye Leelamma alimwoza mwanawe huku akimficha Anju ugonjwa wa Thomaskutty.

Wengi watamhukumu Anju upesi, kama nilivyofanya mimi mwenyewe kwa nusu saa nzima, mpaka nilipotambua kwamba ndoa aliyoisaliti ilijengwa juu ya uongo ambao hakuutunga yeye.

Katika Tuzo za Taifa za Filamu za India zilizotangazwa mwaka 2025, kazi hii ilichaguliwa kuwa filamu bora ya Kimalayalam, na Urvashi, aliyeigiza Leelamma, akatuzwa kama mwigizaji bora msaidizi wa kike. Hilo la pili limenishangaza, kwani sioni yeye alikuwa akimsaidia nani.

Msomaji wako